Vazi la Blasto wa Mass Effect: fremu, minyiri na taa za mwilini

Kijana_wa_Zakera

Wakuu, habari za humu.

Nataka kutengeneza vazi la Blasto kwa shindano la mavazi ya wahusika. Kwa asiyemfahamu: si mhusika unayemchezesha wewe, ni nyota wa filamu za mapigano ndani ya ulimwengu wenyewe wa Mass Effect, mchezo wa video wa anga za mbali. Tangazo la filamu yake linasikika kwenye kituo cha anga cha Citadel katika Mass Effect 2 (2010): hanar (kiumbe wa sayari nyingine anayefanana na yavuyavu) wa kwanza kuwa Spectre, wakala wa Baraza anayefanya kazi juu ya sheria.

Mpango wangu ni mwavuli mkubwa kichwani, minyiri sita ya sponji, ukanda wa LED mita 2 na pawabenki, pamoja na bastola mbili. Mvaaji ana urefu wa m 1.70, jukwaani ni dakika tatu. Minyiri nifanyeje isininase miguuni, na taa zifuate vipi sauti?

Mzee_wa_Sponji

Mkuu, mwavuli weka kando. Huo utakupa yavuyavu wa ufukweni, na hanar hayuko hivyo. Mwili wake ni mrefu na laini, kichwa kimevutika kwenda nyuma, minyiri inashuka chini yake.

Anza na mgongo. Tafuta fremu ya begi kubwa la safari lenye mkanda wa kiunoni. Bila mkanda huo uzito wote unalalia mabega na kichwa kinayumba kila hatua. Funga hapo paipu mbili za PVC za kupitishia waya za umeme, mm 20, zipande hadi sm 25 juu ya utosi halafu zilale kuelekea nyuma. Kabla ya kuzipinda zijaze mchanga mkavu, ziba ncha, pasha polepole kwa hewa ya moto mpaka zilegee. Zikipindwa tupu zinabonyea kwenye kona, na hapo hapo ndipo zitakapokatika. Zivishe shifoni ya waridi tabaka mbili. Sehemu zitakazowaka usiweke sponji hata kidogo, inameza mwanga wote.

Minyiri: nunua zile sponji nyeusi mafundi AC wanazovisha mabomba ya kopa, pitisha ndani waya wa alumini wa mm 3. Miwili ya mbele ndiyo mikono yako. Miwili ya kati ifunge kwa mshipi wa kuvulia hadi kwenye viwiko, ili ukiinua mkono nayo iamke. Ya nyuma iache ining'inie tu. Yote iishie sm 10 juu ya sakafu. Najua ikiburuzika inapendeza, lakini ngazi za jukwaa zitakung'oa meno.

Volti5

Kwenye taa, jambo la kwanza ni kwamba hanar haongei kwa sauti. Anaongea kwa mwanga wa mwilini, na ile sauti tunayoisikia ni ya mashine ya kutafsiri. Kwa hiyo mwanga unatangulia, sauti inafuata. Ukifunga maikrofoni ya kuwasha taa utakuwa umegeuza mambo, maana taa itasubiri sauti.

Tumia sauti iliyorekodiwa, ichezwe na DFPlayer Mini, kibodi kidogo cha kucheza mp3. Kadi ya kumbukumbu iwe na mfumo wa FAT32 isiyozidi GB 32, faili likae ndani ya folda iitwayo mp3 na lipewe jina 0001.mp3. Weka kipinga cha kilo-ohm 1 kwenye RX, pini yake ya kupokea amri, la sivyo spika inavuma. Kitufe kikibonyezwa, Arduino (kibodi kinachoongoza taa na sauti) ianze kupandisha mwanga, isubiri milisekunde 200, ndipo itume amri ya kucheza. Volti ya pini ya BUSY ya DFPlayer inakaa chini wakati sauti inacheza. Ikipanda tu, shusha mwanga.

Umeme sasa, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukanda wa WS2812B (kila LED inaongozwa peke yake) wenye LED 60 kwa mita, mita 2 ni LED 120. Kila moja ikiwaka nyeupe kamili inakula kama mA 60, jumla A 7.2, na pawabenki ya A 2 au 3 itajizima. Nyeupe huihitaji. Waridi inayoelekea zambarau ni nyekundu na bluu peke yake, na ukiweka mwangaza 80 kati ya 255 unashuka hadi kama A 1.5. Kinyume chake pia kipo: pawabenki nyingi zinajizima zikiona mzigo mdogo mno, kwa hiyo kati ya sentensi acha mng'ao hafifu. Hanar naye hazimiki kabisa, hivyo hujapoteza kitu.

Waya wa data uwe na kipinga cha ohm 330, na kwenye mlango wa umeme weka kapasita ya µF 1000. Unganisha GND (upande wa hasi) ya Arduino na ya ukanda. Umeme uingize ncha zote mbili: ukiingiza upande mmoja, bluu inafifia kule mwisho na waridi inageuka nyekundu. Chukua Arduino Nano ya volti 5. Kibodi cha ESP32 kinatoa volti 3.3 kwenye data wakati ukanda unaotumia volti 5 unadai angalau 3.5, na ndicho chanzo cha rangi kurukaruka.

Kijana_wa_Zakera

Shukrani wakuu. Je, nikitaka kuongea mwenyewe mubashara?

Volti5

Inawezekana. Ondoa DFPlayer, acha kitufe kwenye kidole gumba: bonyeza, vuta pumzi, ongea. Pumzi hiyo ndiyo milisekunde zako 200.

Drell_wa_Kahje

Mafundi wamemaliza yao, mimi nagusa uigizaji. Hanar mbele ya wasiomjua hajiiti "mimi". Ana jina la uso la hadharani na jina la nafsi la watu wake wa karibu, kwa wengine wote yeye ni "huyu". Utamu wa Blasto uko hapo: anafyatua risasi huku akiongea kwa adabu ya ustadhi wa madrasa. Kwa hiyo usipige kelele wala usikoromee. "Huyu anasikitika kukutaarifu kuwa risasi zake bado zipo." Taratibu, kila silabi kamili, halafu piga.

Nchi kavu hanar hawezi kusimama kwa nguvu zake, anaelea kwa kifaa cha kupinga mvutano. Vaa suruali na viatu vyeusi, kunja magoti kidogo, hatua ziwe fupi, kisigino kitangulie. Kichwa kikidunda tu, kuelea kumekwisha.

Ukipata mwenzio, mvishe Javik. Hanar wanawaabudu Waprothean, jamii ya kale iliyotoweka, na kwenye Citadel, nyongeza ya Mass Effect 3 ya 2013, Javik, Mprothean halisi, anaingizwa kwenye filamu ya Blasto. Waamuzi wanaoujua mchezo watakielewa bila maelezo.

Mzee_wa_Sponji

Naongeza la gundi na rangi. Gundi ya viatu ni nzuri kwa sponji ngumu ya EVA, ile ya kandambili: paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ikigusa styrofoam inaiyeyusha, na rangi ya kupuliza nayo hivyo hivyo. Kama lazima utumie styrofoam, ipake kwanza gundi nyeupe ya mbao tabaka tatu.

Bastola zichonge kwa EVA ya mm 10 na uzipake rangi kali isiyofanana na chuma. Njiani zikae ndani ya begi, polisi wa barabarani hajawahi kumsikia Blasto. Feni ndogo ya USB shingoni ni lazima. Dakika tatu za jukwaani utazivumilia, ila kwenye foleni ya nyuma ya pazia ndiko utakakochemka.

Halafu pima milango. Kichwa kilicholala sm 60 nyuma ya mgongo hakigeuki kwenye korido nyembamba wala hakiingii kwenye gari. Kifunge kwenye paipu kwa bolti mbili za M6 zenye nati za mabawa ili kichomoke, na waya za taa ziwe na plagi hapo hapo kwenye kiungo.