Msaada: napimaje hewa ukaa ya jiko la gesi la nyumbani?

Mwanachuo wa Mbagala
Wakuu, habari za humu. Nipo mwaka wa mwisho chuo, utafiti wangu ni hewa ukaa inayotokana na gesi ya kupikia kwenye nyumba 20 huku Mbagala. Nimeagiza kifaa cha kupimia mtandaoni, nikakitundika jikoni kwa mama mdogo. Asubuhi kinasoma 430 ppm (sehemu kwa milioni), akiwasha jiko kinafika 900. Juzi kakaanga vitunguu, kikaruka hadi 2,800! Akafungua mlango wa uani, baada ya muda kikashuka 500, na jiko bado linawaka. Sasa hizo namba nazigeuzaje kuwa kilo? Msimamizi anataka kilo kwa mwezi. Matusi wekeni akiba.

Fundi Mitungi
Pole dogo, hela imeliwa. Vifaa vingi vya bei chee havipimi hewa ukaa, vinanusa harufu halafu vinakisia, ndiyo maana vitunguu vimekichanganya. Vya uhakika vinatumia mwanga wa infraredi. Hata ungekuwa nacho, kingekuambia hewa ya jikoni imejaa kiasi gani, na hiyo inategemea mlango. Na mama mdogo mwenyewe akipumua anatoa hewa ukaa hapo hapo.

Achana na hewa, pima mtungi. Jumatatu asubuhi uweke kwenye mizani, Jumatatu inayofuata urudi. Uliopungua ndio ulioungua, zidisha kwa 3. Mfano: kilo 12.9, wiki ijayo 11.5. Imeungua kilo 1.4, hewa ukaa ni kilo 4.2. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni, lakini kwa kazi yako huna haja nao. Ila kama mara ya kwanza umepima na kichwa cha jiko juu, mara ya pili pima nacho.

Bitozi
Mkuu, mimi mtungi wangu ukipima utapata sifuri. Umeisha tangu tarehe 20.

Mwanachuo wa Mbagala
Fundi asante, ila hapo kwenye 3 sijaelewa. Mtungi wa kilo 6 utoe kilo 18 za hewa? Hizo 12 zinatoka wapi?

Mwalimu Kemia
Zinatoka dirishani. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Chukua gramu 44 za propani: 36 ni kaboni, 8 ni haidrojeni. Ikiungua, kila gramu 12 za kaboni zinabeba gramu 32 za oksijeni kutoka hewani, jumla 44. Kwa hiyo 36 zako zinakuwa 132. Gawanya kwa 44 za mwanzo, unapata 3 kamili. Butani inatoa 3.03. Ukifuata mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, gesi hii ina nishati ya megajuli 47.3 kwa kilo, na inatoa kilo 63.1 za hewa ukaa kwa gigajuli (megajuli 1,000); ukizidisha inakuja 2.98. Andika hiyo, msimamizi hatakusumbua.

Angalizo: mtungi ukipungua uzito na jiko halijawashwa, unavuja. Hiyo usiizidishe kwa 3, maana haijaungua. Paka povu la sabuni kwenye regulata uone mapovu. Asije mtu akatafuta kwa kiberiti.

Binti Kisauni
Huku Mombasa mitungi mingi ya nyumbani ni ya kilo 6 na 13, nanyi huko mna ya 6 na 15. Usiwaulize watu mtungi unakaa siku ngapi. Mimi wangu huwa "mwezi mmoja", kumbe wiki nzima ulikuwa kwa jirani aliye na matanga.

Mwanachuo wa Mbagala
Mrejesho wa wiki ya kwanza. Mizani nimeazima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ile ya kutundika. Naingia na mtungi begani ananiuliza, "Unauza?" Shida ni kwamba mshale wake unaruka nusu kilo nusu kilo.

Halafu kuna nyumba tatu mitungi haijapungua kabisa. Mmoja kaniambia gesi ni ya chai ya wageni. Gunia la mkaa lipo nyuma ya mlango.

Fundi Mitungi
Nusu kilo ni kubwa mno kwa mtu anayechoma kilo moja na nusu kwa wiki. Tafuta mizani ya kidijitali ya kupimia mabegi ya safari.

Mwalimu Kemia
Nyumba hizo tatu usizifute! Mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mtungi kuwepo ndani haina maana unapikia. Pima na gunia. Ila mkaa uweke safu yake peke yake, usijumlishe na gesi. Hewa ukaa ya mkaa kitaifa huhesabiwa upande wa misitu, kwa miti iliyokatwa.

Mwanachuo wa Mbagala
Sawa mwalimu. Mizani ya mabegi nimepata kwa jamaa Kariakoo, ukomo wake kilo 50. Jumatatu naanza upya, na gunia nalo linapanda.