Mama anaambiwa awekewe choo cha mtu mwingine tumboni. Nani amepitia hili?

Mwana_Chumbageni:

Wadau, salaam. Naandika saa nane usiku, mama kalala, na keshokutwa natakiwa nimpe daktari jibu.

Mama ana miaka 71. Alikuja kwetu Leicester, Uingereza, kutoka Tanga kukaa na wajukuu. Mwezi wa pili akapata nimonia, akalazwa, akapewa antibayotiki za dripu. Kifua kikapona, tumbo likaanza. Kuharisha mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, maji matupu. Walipopima choo wakakuta bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, hapa wodini kila mtu anaiita C. diff. Akapewa antibayotiki nyingine, vankomaisini, miligramu 125 mara nne kwa siku, siku kumi. Ikatulia. Wiki mbili baadaye ikarudi. Akabadilishiwa, akapewa fidaksomisini. Ikatulia, ikarudi. Hii ni mara ya tatu. Mama aliyeshuka uwanja wa ndege na kilo 68 leo ana 54.

Jumanne usiku nilisikia maji yanamwagika bafuni. Nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, kanga yake iko majini, anaifikicha kwa kipande cha sabuni ya mche alichokuja nacho kutoka nyumbani. Hakuwahi kufika chooni, na hakutaka mke wangu aikute kanga asubuhi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikasema mama niachie mimi. Akasema, "Haya si ya mtoto wa kiume kuyaona." Hakuniachia. Nikakaa chini kwenye vigae nikamsubiri mpaka akamaliza kusuuza.

Sasa daktari anasema kilichobaki ni kupandikiza choo. Yaani choo cha mtu mzima mwenye afya, kimeshapimwa, kimechanganywa na maji ya chumvi, kimechujwa na kugandishwa, kinapitishwa kwa mpira wa puani mpaka kwenye utumbo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho nilipomtafsiria. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nimekulea nikikufundisha kunawa ukitoka chooni. Leo unataka niingiziwe cha mtu?" Akanyamaza, halafu akauliza, "Na huyo mtu ni nani?"

Swali hilo la pili ndilo limeninyima usingizi. Daktari amejibu tu kwamba ni mchangiaji wa benki ya choo, hana jina. Nikajitolea mimi, maana nimekula chungu kimoja na mama utoto wangu wote. Nikaulizwa nimesafiri wapi miezi sita iliyopita. Nikasema Tanga, Desemba. Wakasema haifai.

Kwenye grupu la ukoo ndio usiseme. Mjomba anasema hayo ni majaribio, wazungu walishakwenda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi kuchukua vinyesi vyao, sasa wamehamia kwa wazee wetu. Shangazi anauliza swala yake itakuwaje na najisi tumboni. Siwacheki. Na mimi sina jibu.

Nani amepitia? Ni tiba au ni jaribio?

Nesi_Mstaafu_Bham:

Pole sana mdogo wangu, na mpe mama pole yangu. Nimefanya kazi wodi za wazee hapa Uingereza miaka mingi, wagonjwa wa C. diff nimewabadilisha mashuka kwa mikono hii. Hayo ya kanga nayajua. Aibu huwamaliza hata kuliko homa.

Kwanza, kwa ugonjwa wa mama si jaribio. NICE, chombo kinachoishauri NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya hapa, itumie tiba zipi, kilikubali upandikizaji huu Agosti 2022 kwa watu wazima ambao C. diff imewarudia baada ya kutibiwa mara mbili au zaidi. Mama ndiye mtu waliyemkusudia. Na wazo lenyewe ni la zamani: daktari Ben Eiseman na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika mwaka 1958 kuhusu wagonjwa wanne waliotibiwa hivyo kwa enema, yaani kwa kuingiziwa kupitia njia ya haja kubwa.

Kwa nini dawa zinashindwa: huyu bakteria anatengeneza mbegu, spora, na vankomaisini haiziui. Inaua wale walio hai tu. Dozi ikiisha spora zinaamka, zinakuta utumbo mtupu, kwa sababu antibayotiki zilishafuta bakteria wa kawaida ambao huwabana. Choo cha mtu mzima wa afya kinawarudisha wale wakazi wa kawaida. Waholanzi walilinganisha, wakachapisha 2013: kati ya wagonjwa 16 waliopandikizwa, 13 walipona kwa mara moja, wengine wawili kwa mara ya pili. Waliopewa vankomaisini peke yake, walipona 4 kati ya 13. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka jaribio likasimamishwa kabla ya muda.

Na jambo moja la leo leo: ile jeli ya mikono haiui spora. Sabuni na maji yanayotiririka, kila mtu nyumbani, na chumba cha choo kisafishwe kwa dawa yenye klorini. Sabuni yake ya mche inamsaidia zaidi kuliko ile jeli.

Baba_Yunus_Nairobi:

Ndugu, mimi naomba usimkimbize mama. Nina sababu.

Kijana wangu ana usonji. Miaka michache iliyopita tuliwasiliana na kliniki moja ya ng'ambo inayouza matibabu haya haya, wakisema tumbo likinyooka na akili itanyooka. Walitutumia bei kabla hata hawajauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikaomba vipimo vya mchangiaji: ukimwi, homa ya ini, minyoo. Nikatumiwa picha ya kijana anakimbia ufukweni. Niliuliza mara tatu. Mara ya nne hawakujibu.

Baadaye nikakaa kusoma. Utafiti waliokuwa wakinirushia, wa Arizona, Marekani, wa 2017, ulikuwa na watoto 18 tu, na wote walijua wanapewa nini, hakukuwa na kundi la wenzao wenye usonji wasiopewa ili kulinganisha. Wale wanasayansi walichapisha walichokiona, kosa ni la waliogeuza hicho kuwa tangazo la biashara. Marekani bidhaa za namna hii zilizoidhinishwa, Rebyota mwaka 2022 na Vowst mwaka 2023, ni za kuzuia C. diff isirudi. Si usonji, si kisukari, si unene.

Pia mwambie daktari akueleze yaliyotokea 2019. Wagonjwa wawili Marekani, kinga zao dhaifu, walipata bakteria E. coli sugu kwa dawa kutoka kwa mchangiaji mmoja. Mmoja wao akafariki. Mama yako ana miaka 71 na amekonda. Anayeuliza "huyo mtu ni nani" anauliza swali nililouliza mimi, na mimi nilinyimwa jibu.

Nesi_Mstaafu_Bham:

Baba Yunus, uko sawa kabisa, na pole kwa kijana. Nisingependa mtu asome maneno yangu halafu akawape pesa watu wa namna hiyo. Mimi nazungumzia C. diff inayorudi, basi.

Ya 2019 ni kweli. Choo cha yule mchangiaji hakikuwa kimepimwa bakteria sugu wa aina ile. Baada ya hapo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikalazimisha kipimo hicho. Mdogo wangu, mwulize daktari waziwazi: mchangiaji amepimwa ESBL, amepimwa CRE, yaani hao bakteria sugu kwa dawa? Anajua. Hapa Uingereza choo hicho kinasimamiwa kama dawa, kina karatasi zake.

Zai_wa_Utrecht:

Naomba niongeze la wachangiaji kwa sababu mimi nilitaka kuwa mmoja wao nikiwa mwanafunzi huku Uholanzi. Nilikuwa nachangia damu, nikaona na hili ni lilelile.

Fomu ilikuwa kurasa na kurasa. Umetumia antibayotiki lini? Unapata choo mara ngapi? Nani kwenu ana kisukari, nani ana saratani ya utumbo, nani ana msongo? Una uzito gani? Umechora tatuu? Nikapita yote mpaka swali la safari. Nilikuwa nimetoka Kilwa kwa shangazi, wiki tano nimekula pweza wa ufukweni na maji ya kisima. Hapo hapo nikaambiwa asante. Niliumia, nikaona wanatudharau. Daktari mmoja wa huko ndiye aliyenieleza kwamba hata Mholanzi aliyetoka likizo Kilwa wangemkataa, kwa sababu msafiri anaweza kurudi na bakteria sugu tumboni bila kuumwa hata siku moja. Kwa hiyo kaka, usione wamekukataa wewe.

Wanaopita ni wachache mno. OpenBiome, benki ya choo ya Massachusetts, Marekani, iliyoanza 2012, ilikuwa ikipata chini ya watu 3 katika kila 100 waliojitokeza, na ilikuwa ikiwalipa dola 40 kwa kila kopo. Mtu anafika karibu kila siku, asubuhi, choo bado cha moto. Si kazi ambayo watu wanaisimulia kwao.

Na la chungu kimoja: ndugu si lazima awe bora. Kuna ripoti ya 2015 kutoka Marekani ya mama wa miaka 32 aliyepewa choo cha binti yake. C. diff ilipona, lakini baada ya miezi 16 alikuwa ameongezeka kilo kama 15, na binti naye alinenepa. Waandishi hawakusema ni choo kilichosababisha, ila tangu hapo wachangiaji wanene wanaepukwa.

Mjomba naye asidharauliwe. Ni kweli Wahadzabe walichukuliwa sampuli za choo, matokeo yakachapishwa 2014, na ni kweli mtafiti mmoja Mmarekani alijiwekea mwenyewe choo cha Mhadzabe mwaka huo huo, huko huko Eyasi. Lakini hicho sicho kilichopo kwenye friji ya hospitali ya mama.

Bi_Salama_Bristol:

Mwanangu, mimi ni mtu wa Mombasa, nimefanyiwa. Nilikuwa na miaka 63.

Shangazi yako mpe heshima yake, swali lake ni la haki. Mimi nilikwenda kwa sheikh wetu kabla sijasaini. Aliniuliza mambo mawili: kuna dawa nyingine iliyo safi inayofanya kazi hii? Na waganga mnaowaamini wanasemaje? Nikamwambia dawa mbili zimeshindwa. Akaniambia hiyo ni dharura, jitibu, na swala yako iko palepale. Mama na aulize sheikh wake mwenyewe, asikie kwa masikio yake, si kupitia kwako. Na mkipewa tiba hii kwa vidonge badala ya mpira, ulizeni ganda lake limetengenezwa kwa nini, maana mengine ni jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa nguruwe.

Siku yenyewe: dawa ya antibayotiki iliachwa siku moja kabla. Mpira wa puani ndio uliokuwa mbaya, unaumiza koo na machozi yanatoka. Hicho chenyewe sikukionja wala kukinusa. Bomba kubwa la sindano, maji ya kahawia, nesi akasukuma polepole, akafuatisha maji. Nililala chali nikisoma nyiradi zangu. Tumbo lilinguruma usiku kucha, siku ya pili nikaharisha kidogo, nikalia nikadhani imeshindikana. Siku ya tano niliomba uji.

Mwana_Chumbageni:

Nimerudi. Ahsanteni, na samahani kwa kukawia.

Nilimpigia simu sheikh nikampa mama, nikatoka chumbani. Waliongea nusu saa. Kwa daktari mama alikwenda na maswali yake kwenye karatasi, kwa mkono wake: ESBL, CRE, homa ya ini, na la mwisho, huyo mtu ni kijana au mzee? Daktari alijibu moja moja, akatuonyesha orodha ya vipimo, imejaa ukurasa. La mwisho alijibu kwamba jina halitolewi, lakini ni mtu mwenye umri mdogo kuliko wake daktari. Mama akasema, "Basi ana mama yake." Akasaini.

Mjomba bado hajaridhika na sijamlazimisha.

Mpira ulimuumiza kama Bi Salama alivyosema. Alinishika kidole gumba mpaka kikafa ganzi. Walipomaliza aliniambia nimuulize nesi kama inawezekana kumfikishia mchangiaji salamu. Nesi akasema anaweza kuandika karatasi isiyo na jina, ataipeleka. Mama akaandika mistari miwili kwa Kiswahili, akakataa nisiitafsiri.

Leo ni siku ya kumi na moja. Amekwenda choo mara moja, asubuhi. Wanasema tuangalie mpaka wiki ya nane, nitarudi hapa ikifika.