Mama mwenye goti bovu na ukumbi wa Wagiriki wa kale Taormina, inawezekana?

MchagaWaRau: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tano naenda Sicilia, kile kisiwa cha Italia, na mama, dada yangu yuko mji wa Catania amejifungua kwa hiyo mama anaenda kumwona mjukuu. Tuna siku moja tu ya kutembea na nataka nimpeleke kwenye ule ukumbi wa maigizo wa Wagiriki wa kale pale Taormina, ulio juu ya bahari. Mama kafundisha historia sekondari hapa Moshi miaka na miaka, Ugiriki ameichora ubaoni mpaka chaki zikaisha ila hajawahi kuona hata jiwe moja la kwao. Sasa goti linamsumbua. Aliyefika anisaidie, ngazi ni nyingi?

dada_Njiro: Mpeleke kaka, usimwache nyumbani. Mimi nilifika mwaka juzi, treni ya kutoka Catania mnashukia Taormina-Giardini, stesheni iko chini kabisa karibu na bahari na mji uko juu mlimani, msithubutu kupanda kwa miguu, pandeni basi, linakata kona kama mnaenda Marangu. Mle ndani ngazi zipo za kutosha, sidanganyi, na nyingine hazina pa kushika. Mwende taratibu, mshike mkono, akichoka akae. Mchana jiwe linachoma hasa, mimi nilikunja kanga mara nne ndo nikaweza kukaa. Kivuli hakuna, bebeni maji.

Mzee wa Usa River: Kijana hongera kwa kumkumbuka mama. Mwambie mapema asije akashangaa, matofali mengi atakayoyaona ni ya Warumi. Wagiriki walichonga mahali pale kwenye mlima karne ya 3 kabla ya Kristo, Warumi wakaja kujenga upya karne ya 2 baada ya Kristo, baadaye wakaondoa viti vya chini ili wapiganishe watu na wanyama. Lakini kuchagua pale mahali ni kazi ya Mgiriki, na hapo ndipo mama atulie. Ukuta wa nyuma ya jukwaa umebomoka katikati, kwenye lile pengo unaona bahari na mlima Etna, zaidi ya mita 3,300, volkano hai kabisa inatoa moshi. Nendeni asubuhi na mapema, sisi tuliozoea kuichungulia Kibo kabla mawingu hayajaifunika tunajua.

dada_Njiro: Kweli mzee, mimi nilifika saa nane Etna sikuiona, iliniuma sana.

MchagaWaRau: Asanteni sana, shikamoo mzee. Nimemsomea mama yote, kanyamaza kidogo halafu akauliza ile sehemu ya duara chini walipokuwa wanacheza na kuimba kwaya ya Wagiriki bado ipo? Nikamwambia mahali pake papo, ila Warumi walipapanua kwa ajili ya yale mapigano. Ameshatoa kanga mbili kabatini, na safari ni mwezi wa tano.