Makadirio mawili ya uhai kwa mgonjwa mmoja wa limfoma ya ubongo: tushike lipi?

Binti Mvita
Naomba msaada wa wenye ujuzi. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, amegundulika kuwa na limfoma (saratani ya chembe za kinga ya mwili) iliyoanzia kwenye ubongo, baada ya kipande cha uvimbe kuchukuliwa na kupimwa maabara. Wakati huo alikuwa akishinda kitandani sehemu kubwa ya siku na hakuweza kufunga vifungo vya shati bila kusaidiwa. Picha ya MRI ilionyesha kwamba uvimbe uko ndani kabisa ya ubongo. LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, ilikuwa ya kawaida, na maji ya uti wa mgongo hayakuchukuliwa kwa sababu madaktari walihofia shinikizo ndani ya fuvu. VVU hana. Daktari wa kwanza alituambia kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina yake huvuka miaka 2. Wa pili alisema tujiandae kwa mwaka mmoja na kidogo. Nani amekosea?

Daktari wa Zamu
Pole sana, dada. Naona kila mmoja ametumia mfumo wake wa alama, na mifumo hiyo haiulizi maswali yaleyale.

Wa kwanza ni ule wa IELSG, kundi la kimataifa la watafiti wa limfoma, uliochapishwa mwaka 2003. Unahesabu mambo 5: umri uliozidi miaka 60, udhaifu wa mwili, LDH iliyopanda, protini nyingi katika maji ya uti wa mgongo, na uvimbe ulio sehemu za ndani za ubongo. Wenye alama 0 au 1, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 2. Wenye 2 au 3, asilimia 48. Wenye 4 au 5, asilimia 15. Mzee ana alama 3 zinazojulikana, yaani umri, udhaifu na mahali pa uvimbe. Protini haikupimwa, na ingeonekana imepanda angehamia kundi la alama 4 au 5, kwa hiyo ile "karibu nusu" imesimama juu ya kipimo ambacho hakikufanyika.

Wa pili ni wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wa mwaka 2006, nao unaangalia umri na uwezo wa kujihudumia tu. Kwa aliyezidi miaka 50 na anayehitaji msaada wa kila siku, nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya mwaka 1.1 kutimia, na nusu nyingine waliishi zaidi ya hapo. Sehemu hiyo ya pili mara nyingi haisemwi mbele ya familia, jambo ambalo kwangu ni kosa. Binafsi ningeanza na mfumo huu, kwa kuwa hautegemei vipimo ambavyo hamnavyo.

Mfamasia Mstaafu
Niongeze kwamba takwimu hizo zinatokana na wagonjwa wa miaka mingi iliyopita, ambao wengi hawakupata dawa zinazotolewa sasa. Katika IELSG32, jaribio la tiba la kundi hilohilo la IELSG, waliopewa methotreksati (dawa ya saratani) ya dozi kubwa pamoja na sitarabini, rituksimabu na thiotepa, asilimia 56 walikuwa hai baada ya miaka 7. Jaribio hilo liliwapokea wagonjwa wa hadi miaka 70, ingawa waliozidi 65 walitakiwa wawe na nguvu zaidi. Dawa hizo ni kali, hushusha chembe za damu na kufungua mlango wa maambukizi. Ulizieni kwanza figo za mzee: methotreksati hutoka mwilini kupitia figo, na zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa au dawa huachwa kabisa.

Binti Mvita
Ahsanteni sana. Kreatinini yake, kipimo cha damu cha figo, ni ya kawaida. Tangu aanzishiwe deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, anakula mwenyewe na anavaa bila msaada. Je, sasa amehama kundi?

Daktari wa Zamu
Kwa hesabu ya mfumo, hapana, kwa sababu hali inayohesabiwa ni ile ya siku ya kugundulika. Kwa matibabu, hata hivyo, nafuu hiyo ina uzito mkubwa: inaonyesha kwamba sehemu ya udhaifu ilitokana na uvimbe wenyewe na kuvimba kwa ubongo kuuzunguka, wala si mwili uliochoka, na mgonjwa wa namna hiyo ana nafasi nzuri zaidi ya kustahimili methotreksati. Nafuu ya deksamethasoni peke yake haidumu, basi msikae nayo mkisubiri. Ombeni mzunguko wa kwanza wa dawa za saratani uanze mapema, kisha baada ya mizunguko michache MRI irudiwe. Uvimbe ukionekana umeyeyuka wote, rudini kwa daktari wenu mkaulize upya kuhusu miaka, kwa maana jibu la wakati huo litakuwa na msingi kuliko haya mawili mliyopewa.