Nimelipia video ya HD, nimeletewa ukungu, halafu naambiwa NIKAPIME MACHO

Povu la Asubuhi
Wakuu, leo sina salamu. Nimekata simu sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua. Yule mpiga video wa kizibao chenye mifuko mingi kuliko lenzi alizonazo. Yule aliyerusha droni ndani ya ukumbi, feni mnazikumbuka. Huyohuyo.

Harusi ya mdogo wangu. Tulikubaliana full HD, pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, tena kwa maandishi. Leo kaleta. Ukoo mzima tumejipanga mbele ya TV, bibi kapewa kiti cha mbele na miwani kaifuta mara mbili. Kubonyeza tu, ukungu! Bibi akauliza kwani siku ile nyumba ilikuwa inaungua? Uso wa bwana harusi una pikseli 14, nimezihesabu. Shela imeungana na ukuta, hujui bibi harusi anaishia wapi na jengo linaanzia wapi. Mama kampigia vigelegele mwanamke mwingine kabisa.

Nikampigia kwa heshima zote: kaka, mbona haionekani? Anajibu: "Video ni HD hiyo, labda macho yako ndiyo hayajawa HD. Kapime."

KAPIME. Mimi niliyelipa.

Sasa kwenye flashi kasahau folda la klipu zake za mwanzo. Majina yote yanaanza na VID, mwishoni WA na namba. Yaani kijana wake alipiga, akamtumia kwa WhatsApp, zikakamuliwa njiani, zikafika 848 kwa 480. Yeye akazinyoosha mpaka 1920, akaandika HD, akalala. Pikseli laki nne na ushee zimetandazwa kwenye nafasi ya milioni mbili!

Na pete je? Wakati wa kuvishana pete kamera imefokasi ua la nyuma. Kidole hakipo, pete haipo, ua linapepea. Halafu mgonjwa wa macho ni mimi.

Mtazamaji Mkimya
Ila ulipima?

Povu la Asubuhi
Usinichokoze.

Jiko la Fremu
Mkuu, 1080 ni ukubwa wa fremu tu, yaani picha mojamoja inayounda video. Ukiinyoosha ndogo haiongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Angalia bitireti, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya video. YouTube wenyewe wanashauri megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080 ya mwendo wa kawaida. Yako inasomaje?

Povu la Asubuhi
Kilobiti 900, hata megabiti moja haifiki. Na kaniambia nikapime macho.

Jiko la Fremu
900?? Hiyo ni redio.

Dada Mkubwa
Bibi aliyeuliza kama nyumba inaungua apewe uzi wake. Wewe pole, lakini mtu karusha droni kwenye feni na bado ukampa kazi. Hapo ulitaka mwenyewe.

Kiti cha Nyuma
Nafuu yako. Mimi nilipewa DVD, juu imeandikwa FULL HD kwa kalamu nyeusi. DVD ya PAL, ule mfumo wa zamani wa TV, mwisho wake ni 720 kwa 576, hata ungeiandikia kwa wino wa dhahabu.

Shangazi wa Kweli
Wa kwangu alipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, halafu akalazimisha slomo ya nusu mwendo. Maharusi wanaingia ukumbini kwa kushtukashtuka. Watu wananiuliza hadi leo, walikuwa na kwikwi?

Mhariri Mchovu
Mnatuonea sana. Nyie wateja mbona hamjisemi? Mtu analeta flashi ya FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili lake lina GB 11, flashi haipokei faili linalozidi GB 4. Naitwa tapeli mbele ya mke wangu.

Kiti cha Nyuma
Si uiformati exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa?

Mhariri Mchovu
TV yake ya zamani haisomi exFAT. Nikamkatia vipande vitatu. Kafungua kimoja, katangazia ukoo mzima kwamba nimewaibia sherehe.

Povu la Asubuhi
Jamani turudi kwenye mada. NIKAPIME MACHO!

Mhariri Mchovu
Subiri kwanza mkuu. Halafu huyohuyo wa flashi karudi, anataka nimtoe shemeji yake kwenye video yote. Wameshaachana.

Shangazi wa Kweli
Ehee! Nani kaachana na nani?

Jiko la Fremu
Unamtoaje mtu kwenye video nzima? Saa moja kwa fremu 25 ni fremu 90,000.

Mhariri Mchovu
Pa kukata nimekata. Kwingine nimevuta picha karibu mpaka akatoka pembeni. Shida ni meza kuu, kakaa katikati kabisa na gauni la njano.

Mtazamaji Mkimya
Mzibe na maandishi ya majina ya maharusi.

Mhariri Mchovu
Anasimama. Anacheza. Yule mama hakukaa chini siku ile.

Dada Mkubwa
Sasa ukafanyaje?

Mhariri Mchovu
Nimemwekea chombo cha maua juu yake. Kinamfuata ukumbi mzima. Kwenye muziki kinakata kiuno.

Shangazi wa Kweli
Tupia kipande hapa, tafadhali.