Seli za moyo kwenye sahani ya elektrodi: visima vya DMSO navyo vinarefusha FPD, tuanzie wapi?

SeliShina
Habari wakuu. Tunapima molekuli za jamii ya klorokwini kwenye seli za misuli ya moyo zilizotokana na seli shina za binadamu, sahani ya elektrodi yenye visima 48, seli 50,000 kila kisima, siku ya 8 tangu kupandwa. Zinapiga vizuri. Shida ni kwamba nusu saa baada ya kuweka dawa, FPD (muda wa ishara ya umeme ya kila pigo, kutoka ncha ya sodiamu hadi wimbi la mwisho; dawa ikiurefusha ni dalili ya hatari kwa moyo) inarefuka hata kwenye visima vya DMSO (kiyeyushi cha dawa) pekee, na vya pembeni vimezidi. Dofetilidi 10 nM (kontroli yetu, inayoziba hERG, chaneli ya potasiamu) inarefusha waziwazi, kwa hiyo seli naona ni nzima. Nianze kukagua nini? Na je, nusu saa inatosha kusema dawa ni salama?

Kisima_A1
Anza na joto, mkuu. Seli hizi zikipoa hata nyuzi mbili, mapigo yanapungua kasi na FPD inarefuka, dawa iwepo isiwepo. Sahani ikitolewa kwenye inkubeta na kufunguliwa kifuniko, visima vya pembeni ndivyo vinavyopoa na kukauka kwanza, na midia ikipungua chumvi zinakolea.

Badilisha midia jana yake, au angalau saa nne kabla ya kipimo. Weka sahani kwenye mashine, 37°C na CO2 asilimia 5, uiache dakika 15 hadi 20 ndipo urekodi kipimo cha awali. Dawa itengeneze kwa ukolezi mara kumi kwenye midia ileile na ipashwe hadi 37. Kisima chenye 300 µL ongeza 33 µL, ukishusha pipeti taratibu ukutani, usimwagie juu ya seli. DMSO ya mwisho isizidi 0.1% na iwe sawa kwenye visima vyote, pamoja na kontroli. Vihifadhi vya maji vinavyozunguka visima vijazwe. Wengi huvisahau.

Halafu usipange dozi kwa safu, ndogo kushoto na kubwa kulia. Zichanganye, la sivyo athari ya ukingo itajifanya athari ya dozi.

Umeme_wa_Moyo
Naongezea: umesahihisha FPD kwa kasi ya mapigo? FPD ya 400 ms wakati pigo na pigo vimeachana sekunde 1.25, kwa fomula ya Fridericia (gawa kwa kipeo cha tatu cha hizo sekunde) inakuwa kama 371. Ikiwa kontroli zako zimepoa na kupunguza kasi, sehemu ya urefu huo itaondoka hapo. Ila fomula hiyo ilitokana na ECG za watu, si seli za kwenye sahani. Chora FPD dhidi ya kasi kwa visima vyako vya DMSO uone kama inanyoosha kweli. Na toa kila namba kama asilimia ya kipimo cha awali cha kisima hichohicho, kisha linganisha na kontroli za sahani hiyohiyo.

Dofetilidi peke yake haitoshi kama kontroli. Weka na verapamili: inaziba hERG, lakini inaziba pia chaneli za kalsiamu, kwa hiyo hapa FPD inatakiwa ifupike. Hii ndiyo sababu ya kutumia seli nzima badala ya kipimo cha hERG pekee. Sahani isiyotofautisha hizo mbili, data yake usiitumie.

Dawa_na_Moyo
Swali la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nusu saa inakamata dawa zinazoziba chaneli moja kwa moja tu. Pentamidini, dawa ya zamani ya malale ya gambiense, ukiisoma baada ya nusu saa utaiona haina neno. Yenyewe inazuia protini ya hERG isifike kwenye utando wa seli, kwa hiyo FPD inarefuka baada ya saa nyingi, chaneli za zamani zinapopungua bila kupata mbadala. Soma dakika 30, kisha saa 24 na 48.

Kwa jamii ya klorokwini kuna jambo jingine. Klorokwini inaziba hERG, lakini inaziba pia mkondo wa IK1 (mkondo mwingine wa potasiamu, unaoituliza seli kati ya pigo na pigo), ambao seli hizi changa zinao kidogo mno (ndiyo maana zinapiga zenyewe). Sehemu hiyo ya hatari sahani yako haiwezi kuiona. Usiandike "salama" kwa FPD peke yake. Pima IK1 kwa patch-clamp (kupima mkondo wa umeme wa seli moja moja).

SeliShina
Asanteni sana. Dozi ya juu niishie wapi?

Dawa_na_Moyo
Usianze na IC50 (ukolezi unaozuia nusu ya kazi ya chaneli). Anza na kiwango cha juu cha dawa huru kwenye damu ya mgonjwa, yaani isiyoshikwa na protini, kisha panda hadi mara 30 au zaidi ikiyeyuka. Kama midia ina seramu, nayo itashika dawa. Molekuli zenye mafuta mengi hung'ang'ania plastiki pia, kwa hiyo baada ya kipimo chukua midia kisimani upime ukolezi halisi kwa LC-MS (mashine inayotenganisha kemikali na kupima kiasi chake). Bila namba hiyo, dawa iliyobaki ukutani itaonekana salama.