Mvua haziaminiki tena: wanawake wa Moshi na Arusha, tupeane uzoefu

Mama Wawili
Wanajamvi habari za jioni. Leo nimepita Kiboriloni nikamkuta mama wa makamo amekaa kwenye jiwe, mzigo wa majani ya ng'ombe uko pembeni, kavua kandambili anajikanda nyayo. Machozi yalinitoka aisee, maana nilimwona mama yangu mzazi.

Sisi tuliozaliwa juu, Uru, Kibosho, Old Moshi huko, tunajua. Kiangazi kihambani, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakuna majani. Mama zetu wanashuka porini, wanakata, wanafunga, wanapanda mlima na mzigo kichwani. Nilipokuwa mdogo safari hizo zilikuwa za Januari na Februari, basi. Sasa vuli ikigoma na masika ikichelewa, mtu anashuka karibu nusu mwaka. Na akifika nyumbani anaulizwa mbona amechelewa, ng'ombe analia.

Redioni nasikia tabianchi, tabianchi, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaisha, watalii wanasikitika. Huo mzigo wa majani uko kichwani kwa nani, hakuna anayeuliza. Wewe limekugusa wapi? Tusiandike nadharia, andika lililokukuta.

Manka wa Tarakea
Umenigusa penyewe. Rombo kwetu ni maji. Mito mingi upande wetu ni korongo tu, inapita maji mvua ikinyesha halafu inabaki mawe. Nikiwa kidato cha pili tulikuwa tunaamka saa tisa usiku na dada yangu kwenda kupanga ndoo bombani. Maji yakitoka saa kumi na moja una bahati. Yasipotoka unarudi na ndoo tupu, unavaa sare, unaenda shule unasinzia. Mwalimu ananichapa kwa kusinzia. Kaka zetu walikuwa wamelala, na wala siwalaumu, hakuna aliyewahi kuwaambia waamke.

Shosti wa Majengo
Ndoo tupu saa kumi na mbili asubuhi ni nzito kuliko iliyojaa.

Meku Kahawa
Tuseme ukweli, maji yamepungua kwa sababu theluji imeisha, na theluji imeisha kwa sababu miti imekatwa. Na nani anaingia msituni kila siku kutafuta kuni? Ni hao hao akina mama mnaowalilia.

Ticha Jografia
Meku, pole pole. Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, hilo kweli. Lakini chemchemi na mito yetu kwa sehemu kubwa hailishwi na barafu. Inalishwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Theluji ikiisha tutakosa picha nzuri. Msitu ukiisha tutakosa maji. Ni vitu viwili.

Meku Kahawa
Si ndicho nilichosema? Msitu ukiisha. Nani anaumaliza?

Mama Wawili
Meku, nakuheshimu kama baba. Kuni za kichwani ni matawi makavu. Magogo ya mbao yanabebwa na nani, na mama mwenye kanga au na mwanaume mwenye lori? Halafu ile nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio jirani na vijiji, tangu enzi za mkoloni ilitengwa ili wenyeji wapate kuni na majani. Mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa kwenye hifadhi. Mama akikutwa na mundu ananyang'anywa. Kwa hiyo anashuka porini. Ndiyo mzigo nilioukuta Kiboriloni.

Dogo wa Ngarenaro
Chalii wangu Meku kapigwa kimya. 😂 Nunueni gesi tu jamani.

Manka wa Tarakea
Gesi unajaza wewe? Mtungi ukiisha katikati ya mwezi, kuni zinarudi jikoni bila kupiga hodi.

Yeyo Longido
Mimi ni wa Longido. Ukame wa 2009 ulimaliza ng'ombe wetu. Wanaume waliondoka na wale waliobaki kutafuta malisho, tukabaki wanawake, watoto na ndama wasioweza kutembea. Watu wanajua habari ya njaa. Nitasema lingine. Kwetu nyumba anajenga mwanamke, na anaikandika kwa samadi ya ng'ombe. Ng'ombe wamekufa, samadi hakuna. Mvua ilipokuja, ile tuliyoiomba, iliingia ndani yote. Nilimfunika mtoto kwa ngozi ya ng'ombe wetu mwenyewe.

Neema wa Chini
Nimesoma hapa nikaona nami niseme, sijawahi kuandika popote.

Naishi Kahe, huku tambarare. Masika ya 2024, zile mvua za El Nino. Siku hiyo huku chini hakukuwa na tone. Nyota zilikuwa nje. Mume wangu dereva, yuko safari. Niko na watoto wawili na mama mkwe ambaye mguu mmoja haukunji. Na chini ya kitanda kuna sanduku la kikoba. Wanawake 27. Makufuli matatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mimi mtunza sanduku sina hata mmoja. Ndani, milioni nne na ushee. Ilikuwa imebaki mwezi tuvunje kikoba tugawane.

Saa nane usiku mbwa akaanza kubweka, akanyamaza ghafla. Nikasikia kama lori linakuja, lakini haliishi kuja. Nikaweka mguu chini, maji. Si yale ya kuingia mlangoni, yanapanda kutoka kila upande, ya baridi, yananuka udongo wa juu. Huko mlimani kumenyesha, sisi tumelala.

Watoto nikawapandisha juu ya kichanja cha mahindi. Mama mkwe nikambeba mgongoni, na kwa mwili wake Mungu ndiye anajua nilimbebaje. Nikamfikisha kichanjani maji yako kiunoni. Akaniambia, "Mwanangu, sanduku." Nilirudi. Jamani nilirudi. Watoto wanaliita jina langu nikarudi kwa ajili ya sanduku. Nikalitoa, maji kifuani, nikashindwa kulipandisha, nikalifunga kwa kanga kwenye mwembe, fundo mbili. Nikapanda.

Asubuhi maji yamepungua. Mwembe upo. Kanga ipo. Sanduku halipo.

Wenzangu walikuja kunipa pole. Wakakaa. Wakanywa chai kwa jirani maana kwangu hakuna hata sufuria. Halafu mmoja akasema taratibu, "Mama mkwe mzito amepona, sanduku jepesi limekwenda?"

Shosti wa Majengo
Mungu wangu.

Dogo wa Ngarenaro
Subiri kwanza. Kanga ilikatika au ilifunguliwa? Maji hayafungui fundo dada. Hapo kuna mtu.

Bibi Harusi Tengeru
Hata mimi nimejiuliza hilo hilo. Nani aliwahi kufika asubuhi?

Meku Kahawa
Kosa ni kuweka milioni nne chini ya kitanda. Benki ziko mjini.

Mweka Hazina Mstaafu
Meku, kikoba kina watu wa hisa ya elfu mbili mbili. Nauli ya kwenda benki na kurudi ni hisa mbili. Mimi nimekaa na sanduku miaka sita. Ushauri: kila kikao mwanachama aondoke ameshika kichwani jumla ya fedha. Na katiba iseme janga likitokea hasara ni ya wote. Kama haikusema, dada usilipe.

Bibi Harusi Tengeru
Asilipe? Aendelee kuishi na hao wanawake 27 bila kulipa? Utachota maji wapi, utazika na nani? Lipa dada, hata kidogo kidogo.

Dogo wa Ngarenaro
Nenda polisi, achana na hawa.

Mweka Hazina Mstaafu
Polisi akamshtaki nani, mto?

Manka wa Tarakea
Dada Neema rudi utuambie fundo.

Shosti wa Majengo
Nimepika ugali umeungua nasubiri fundo.

Neema wa Chini
Fundo lilikuwepo, zote mbili. Kanga haikukatika. Kilichokatika ni mkono wa sanduku. Ulibaki ndani ya kanga, na misumari yake miwili. Ninao mpaka leo. Niliuweka mezani mbele yao. Wengine waliamini, wengine walisema mkono unang'oleka hata kwa nyundo.

Nalipa. Nilikodi robo heka ya mpunga, nikauza vitunguu Kiboriloni. Imebaki kama laki tisa. Daftari lilikwenda pamoja na sanduku, kwa hiyo kila mtu alikumbuka hisa zake mwenyewe, na ajabu hakuna hata mmoja aliyekumbuka pungufu.

Mweka Hazina Mstaafu
Hahaha, hiyo sentensi ya mwisho nitaifundishia.

Ticha Jografia
Dada, hamia juu.

Mama Wawili
Juu wapi, Ticha? Huku mvua hiyo hiyo inaporomosha udongo. Na kihamba kinarithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho, mgeni anapewa kona ya kupanda maharage.

Meku Kahawa
Sheria inaruhusu mwanamke kumiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, 1999. Msisingizie mila.

Bibi Harusi Tengeru
Meku, mabinti zako umewapa?

Meku Kahawa
Tunaongelea mafuriko.

Bibi Harusi Tengeru
Sawa baba. 😂

Mama wa Mfongo
Mimi ni mchangiaji mpya, naomba nisipigwe. Kwetu Machame maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, yana zamu. Bibi yangu alituambia zamani mwanamke hasogei kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mfongoni, eti maji yatakauka. Kiangazi kilivyozidi, wanaume wengi wako mjini, mfongo umejaa matope, hakuna wa kuufukua. Tukapanda wanawake kumi na mmoja na majembe. Mzee mmoja akakaa juu ya jiwe siku nzima anasubiri maji yakauke. Jioni yakafika mpaka kwake. Sasa wawili wetu tuko kwenye kamati ya maji. Ila zamu za usiku ndizo wanazotupa. Mwanamke kwenda kugeuza maji saa saba usiku peke yake ni vita nyingine. Tunakwenda wawili wawili, na panga.

Shosti wa Majengo
Panga la nini mpenzi?

Mama wa Mfongo
La migomba. 🙂

Manka wa Tarakea
Sisi tulichofanya ni simtanki. Kikoba kinanunua moja, tunapiga kura, mwezi ujao la mwingine. Bati lako likiwa zima, mvua moja ya maana inajaza. Kama bati lina kutu, mtachuja kwa kanga kama sisi. Mama yangu alipopata lake aliligusa gusa kama ng'ombe mpya.

Bibi Harusi Tengeru
Mimi nauza ndizi Jumatano na Jumamosi. Naomba kuuliza tu, kuna mtu amepata mbegu ya mahindi ya muda mfupi inayovumilia? Niliyopanda msimu uliopita mfuko ulisema siku tisini, mvua ikakata siku ya hamsini.

Ticha Jografia
Sikiliza kwanza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujanunua. Masika ikitajwa chini ya wastani, weka mtama kidogo pembeni.

Bibi Harusi Tengeru
Mtama ndege wanakula wote. Nani atafukuza ndege? Mimi tena?

Mweka Hazina Mstaafu
Jamani, tumempita yule yeyo wa Longido kama hatukumwona. Yeyo, mtoto alikuwaje?

Yeyo Longido
Ni mkubwa. Yuko Arusha, anasoma. Mimi sasa nina mbuzi na kuku, na nyumba nimeezeka bati. Joto lake mchana siwezi kukaa ndani. Niliwasoma wote. Hata mimi nilikuwa nasubiri fundo.

Mama Wawili
Naomba msamaha nakatisha. Huku Uru kunanyesha tangu saa tisa, na si ya mchezo. Nimetoka kuangalia mto Rau, umeshageuka rangi, unabeba magogo. Dada Neema uko hewani? Wengine wa Kahe na Mabogini mpigiane simu.

Shosti wa Majengo
Mjini kukavu kabisa, jua linawaka.

Mama Wawili
Ndivyo ilivyokuwa ile siku.

Neema wa Chini
Nimeona dada, ahsante. Nimewapigia wa mtaa wangu saba, mmoja wao ni yule aliyeuliza habari ya sanduku jepesi. Bodaboda amekuja kumchukua mama mkwe kwanza, tunakwenda kwa shemeji Himo. Anakataa kupanda, anauliza sanduku liko wapi. Nimemwambia siku hizi pesa ziko kwenye simu. Ananiambia basi nipe simu niishike mimi.